Nani Aliyemtaja Dorcas Mpya

Hettie Craddock alinunua chai kwenye kibanda cha kona, akaomba maziwa zaidi, akaenda kusimama mkiani mwa foleni ya watu ambao hawakuwa wakisubiri kununua kitu.

Ilikuwa Jumatano, onyesho la mchana limekwisha na la jioni bado. Mvua ya London ilikuwa ile ya kusitasita, hainyeshi wala haiachi. Katika kichochoro cha nyuma ya Ukumbi wa Halcyon, Mabaharia walikuwa wamejibanza ukutani, macho kwenye mlango wa wasanii. Mabaharia ndilo jina walilojipa mashabiki wa "Kapteni Dorcas", mchezo wa nyimbo uliokuwa umekaa kwenye ukumbi huo miaka ishirini na ushei. Unawajua kwa kitambaa cha bluu shingoni. Wengine walipouona mara ya kwanza walikuwa bado wanabebwa.

Hettie hakuwa na kitambaa. Alikuwa na picha moja mfukoni, na muda hadi pazia la jioni.

Kazi yenyewe alikuwa amepewa asubuhi na meneja wa ukumbi, Bwana Alastair Penhallow, mtu mwenye tai ya hariri na kiti kinachozunguka. Imelda Rourke, aliyeigiza Dorcas kwa miaka minne, alikuwa anaondoka. Nafasi yake ilikuwa inachukuliwa na Carys Penry. Jina lilipaswa kutangazwa Ijumaa mbele ya waandishi wa habari, keki na mvinyo tayari. Lakini usiku wa Jumapili mtu anayejiita Nanga alilimwaga kwenye ukurasa wa Mabaharia mtandaoni, na kulipokucha mashabiki wa nchi nzima walikuwa wanagombana.

"Ukimtoa Carys mwenyewe, waliojua ni watano," Penhallow alikuwa amesema. "Mimi, mwongozaji, kiongozi wa bendi, msimamizi wa jukwaa na mvishaji. Mimi sina wazimu. Mwongozaji yuko Oslo. Kiongozi wa bendi huwa haongei na binadamu. Msimamizi wa jukwaa huongea na kamba tu. Amebaki Nuala."

Nuala Brereton alikuwa mvishaji wa kina Dorcas wote tangu wa tatu. Ndiye aliyempima Carys mabega na kiuno kwa ajili ya mavazi. Halafu kulikuwa na ile picha. Mfanyakazi mmoja wa ofisini alikuwa amempiga Nuala picha Ijumaa iliyopita, mkahawani, akiwa na mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha bluu. Walikuwa wanacheka hadi machozi.

"Mvishaji mwingine nimeshamwazima kutoka ukumbi wa jirani," alisema Penhallow. "Pazia la jioni likifunguka, nataka Nuala awe ameacha funguo mezani na kutoka. Wewe nipatie tu ushahidi wa kumwonyesha mwanasheria."

"Na nikipata ushahidi mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Lakini nikiupata?"

Penhallow alizungusha kiti. "Basi utaniletea."

Hettie alikuwa amemtembelea Nuala kabla ya chakula cha mchana. Alimkuta anapiga pasi kola za mabaharia wa jukwaani, mwanamke mkavu, mwenye mikono mikubwa. Nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, Imelda Rourke mwenyewe alikuwa anajiimbia huku akivua viatu.

"Ulimtajia nani jina la Carys?"

"Sikumtajia mtu."

"Mkahawani ulikuwa unacheka nini?"

Nuala alitupa jicho kwenye pazia, akarudisha macho kwenye kola. "Siwezi kusema."

"Kazi yako inaondoka leo, dada."

"Najua. Nimeambiwa. Bado siwezi kusema hapa."

Hettie alilishika lile neno *hapa*, akaondoka nalo hadi kichochoroni.

Kabla ya kujitegemea alikuwa polisi, na upolisi ulimfundisha jambo moja. Mtu ukimuuliza swali anajifunga kama konokono. Lakini kosea kitu anachokipenda, useme kwa sauti, na wewe mwenyewe utamwomba anyamaze.

"Mimi nimefurahi kweli," aliiambia hewa. "Huyu Carys Penry atafaa. Dorcas anahitaji mwanamke mrefu."

Foleni nzima iligeuka.

"Mrefu?" alisema msichana mwenye nywele za kijani, kijiti cha peremende mdomoni. "Carys? Shoga, yule akisimama nyuma ya sanduku la posta tunaona kofia tu."

"Na kofia yenyewe iwe na unyoya," aliongeza mwanaume mwembamba wa makamo, akifuta miwani.

"Msimcheke mgeni," alisema mama mnene aliyekaa juu ya kigoda cha kukunja. Hettie hakuhitaji kuitoa picha. Alikuwa yeye. "Mpenzi, mchezo umeuona mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja," mama alirudia kwa upole, kama mtu aliyeambiwa kwamba fulani yuko hospitali. "Mimi ni Win Tolley. Huyu wa kijani ni Fern. Huyu ni Prakash Solanki, daktari wa meno, na kwa habari za Dorcas ni mkaidi kuliko punda."

"Nina msimamo," alisema Solanki. "Dorcas sehemu ya pili anambeba mpenzi wake begani, anapanda naye ngazi ya meli. Carys atambeba nani? Njiwa?"

"Kwani Imelda anambeba?" Fern alitoa kijiti mdomoni. "Yule kaka anajirusha mwenyewe. Mtazame magoti. Imelda anashika tu suruali isidondoke."

"Imelda ana mabega."

"Imelda ana mabega, Carys ana sauti. Mchezo wa nyimbo huu, Prakash, siyo wa kubeba magunia."

"Sauti inapasua masikio."

"Wimbo wa dhoruba unataka nini, kumbembeleza mtoto alale?"

"Tulieni," alisema Win. "Mimi nimeona Dorcas saba. Kila akija mpya mnaomboleza kama kafa mtu, mwezi ukiisha mnamletea maua. Imelda alipotajwa, Prakash hakula siku mbili."

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua yanaitwa Imelda."

Hata walinzi wa mlangoni walicheka. Hettie alicheka nao, akanywa chai yake, kisha akasema taratibu, "Huyu Nanga aliyetoa jina ni nani?"

Fern alirudisha kijiti mdomoni. Solanki alivaa miwani. Win alifunga vizuri kifuniko cha chupa ya chai ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Watu watatu, kila mmoja akitazama dimbwi lake. Hettie alihesabu yale madimbwi, akaelewa kwamba Nanga halikuwa jina la mtu mmoja.

Alianza na yule aliyeonekana mwepesi kuvunjika.

"Bwana Solanki. Carys Penry ana meno?"

"Kila mtu ana meno, bibie, ukiwatoa wajomba zangu wawili."

"Amewahi kufungua kinywa mbele yako? Kitini kwako, mathalani, akakwambia ana kazi mpya na anataka tabasamu la kuiendea?"

Daktari alinyooka mpaka akazidi foleni. Mzaha ulimtoka wote. "Wagonjwa wangu ni watoto wa mtaa wa Harrow. Wananing'ata. Na kama angekuwa mgonjwa wangu, angeweza kuniambia kaua mtu, ningezikwa nalo. Usiniulize tena hivyo."

Hettie alimtazama shingo, mikono, macho. Hakukuwa na uongo pale. Njia hiyo ilikuwa imefungwa, akaiacha. Akatoa picha mfukoni, akaiweka mapajani mwa Win.

"Mimi ni mpelelezi, mama. Nimeajiriwa na ukumbi. Nilimuuliza Nuala mlicheka nini, Imelda akiwa nyuma ya pazia, akakataa kusema. Kwa sababu ya kicheko hiki anafukuzwa leo. Pazia likifunguka, hayupo."

Win aliitazama picha muda mrefu. Mkono wake uliokuwa umeshika kikombe ulishuka.

"Nuala?" alisema Fern. "Nuala wetu?"

"Keki," alisema Win. "Jamani, tulikuwa tunaongea keki." Akavuta kigoda karibu na Hettie, akateremsha sauti. "Dorcas akiondoka, Mabaharia tunamuokea. Inakuwa ya kumshtukiza. Nuala ndiye hutuambia anakula nini, hali nini. Sasa angekwambiaje na Imelda yuko pale nyuma ya pazia? Angekufa kwanza."

Neno *hapa* lilipata mahali pake. Hettie aliitikia kwa kichwa.

"Halafu?"

"Halafu huwa tunaoka ya pili, ya kumpokea anayekuja. Nikamuuliza, huyu mpya anakula lozi? Nuala akanijibu, Win, sijui kama kuna mpya, sijui kama ana mdomo, na ukiniuliza tena nitakufuma ndani ya koti la Dorcas uimbe mwenyewe. Ndipo tukacheka. Hivi unavyoniona nimevaa koti lile?"

"Kwa hiyo hakutaja."

"Miaka yote hii hajataja. Hata mwisho wa hadithi ya mchezo hakuwahi kunitajia, na mwenzako nilikuwa nimeshauona."

"Basi mlijuaje?"

Solanki alitikisa kichwa. "Tukisema, Penhallow atatufungia mlango. Mimi tiketi ya Jumatano ndiyo dawa yangu. Mke wangu anakubali hata yeye."

"Nuala anafukuzwa, wewe unalilia tiketi," alisema Win.

"Sijasema hatusemi. Nimesema atatufungia."

Fern alitupa kijiti kwenye pipa la taka. "Hatusemi. Tunamwonyesha. Yeye si mpelelezi? Apande aone. Akikaa kiti chetu na asione, basi kesi imemshinda."

Milango ya mbele ilipofunguliwa, walipanda. Ngazi za roshani ya juu za Halcyon ni nyembamba na zinakunjakunja, na katikati Win aliwasimamisha wapumue, akasema magoti yake ni ya miaka sitini lakini lile la kushoto linadanganya umri. Viti vyao vilikuwa safu ya mbele kabisa ya roshani ya bei ya chini, chini ya dari yenye malaika waliobanduka rangi. Kutoka pale watu wa chini walikuwa vipara na mifuko ya karanga.

Kwenye mchezo huo pazia kufunguka ni msemo tu, kwani huwa halishushwi kabla ya kuanza. Meli ya Dorcas hukaa wazi ili watu waizoee. Solanki alimpa Hettie darubini yake ndogo.

"Tazama," alisema Fern. "Mimi sisemi kitu."

Hettie alitazama usukani, milingoti, kamba. Hakuona la ajabu. Akatazama wanamuziki wakikaa. Halafu, kwa kuwa kiti kilimlazimisha shingo kuinama, akatazama sakafu.

Sakafu ilikuwa na alama. Vipande vya utepe wa gundi vilivyobandikwa kwa umbo la msalaba, kuwaonyesha waigizaji mahali pa kusimama.

"Nyeupe ni za nani?"

"Imelda," walijibu watatu kwa pamoja.

"Za njano?"

"Ottilie, mbadala wake. Anacheza Imelda akiugua. Ni warefu sawa, ndiyo maana alama zao zinagusana."

Hettie alisogeza darubini. Pembeni ya kila msalaba mweupe kulikuwa na mwingine wa waridi. Ule utepe uling'aa, haukuwa umekanyagwa sana. Alifuata njia ya Dorcas toka mlangoni hadi pipani, toka pipani hadi kwenye kamba anayoirukia. Kila mahali waridi ilikuwa imepungukiwa. Nyeupe hatua kubwa, waridi hatua fupi. Pipa lenyewe lilikuwa limechorewa makazi mapya ya waridi, karibu zaidi na kamba, kama mtu aliyesema: kutoka huku hafiki. Na nyuma ya usukani, mahali ambapo Dorcas husimama kuimba wimbo wa dhoruba, kulikuwa na mraba wa waridi. Mraba ni wa kuweka kijisanduku. Kijisanduku ni cha kukanyaga mtu ambaye kichwa chake hakionekani juu ya usukani.

Hettie alishusha darubini.

"Kuna Dorcas wa tatu. Anafanya mazoezi mchana, hapa hapa jukwaani. Na ni mfupi."

Fern alimpigapiga begani. "Umepita mtihani, shangazi."

"Wafupi ni wengi."

"Wafupi wanaoifikia ile noti ya mwisho ya dhoruba ni watatu nchi nzima," alisema Solanki. "Mmoja ana mimba kubwa. Mmoja anaimba kwenye meli ya watalii huko Australia. Wa tatu ni Carys, na wiki iliyopita alitangaza kwamba anaacha mchezo wake wa Manchester bila kusema anakwenda wapi."

"Kwa hiyo mlikisia."

"Hatukukisia," alisema daktari, akiwa ameumia. "Tulibishana mpaka tukapata."

"Mnaweza kuonyesha kwamba mliziona kabla ya Jumapili?"

Fern alikuwa ameshatoa simu. Waigizaji wakitoka kuinama na kushukuru, watazamaji huruhusiwa kupiga picha. Picha yake ilikuwa ya Jumamosi: Imelda mikono juu, maua yanaruka, na chini ya miguu yake misalaba ya waridi kama harusi ya panya.

Hettie aliiomba ile simu, akateremka ngazi mbilimbili.

Msimamizi wa jukwaa, mzee aitwaye Gus Lathom, alikuwa anakagua kamba pembeni. Hettie alimuuliza jambo moja tu: kwa nini utepe wa mazoezi haubanduliwi kabla ya onyesho.

"Amri," alisema Gus. "Kubandua na kubandika kila siku ni kazi ya saa nzima, na saa inalipiwa. Nikamwambia, bwana, utaonekana. Akasema subiri. Akaenda kukaa kiti cha katikati, safu ya tano, akatazama, akasema: Gus, sioni kitu chochote. Acha."

"Nani alisema?"

"Sasa nani mwingine hapa ana kiti cha safu ya tano?"

Penhallow hakutaka kupanda. Alisema ana wageni, alisema goti, alisema mpelelezi aandike ripoti. Hettie alimwambia ushahidi wenyewe haushuki ngazi. Alipofika juu alikuwa mwekundu, tai imegeukia mgongoni, na Mabaharia watatu walisimama kumpisha kwa adabu kubwa mno.

"Hivi watu wanakaa huku?" aliuliza, akitafuta mahali pa kuweka magoti.

"Kila Jumatano," alisema Win.

"Inama kidogo," alisema Hettie. "Tazama sakafu. Usinitazame mimi."

Aliinama. Hettie hakumweleza kitu, alimwacha tu. Aliona jinsi macho yake yalivyotoka mlangoni yakaenda kwenye pipa, yakaenda kwenye kamba, yakasimama kwenye mraba nyuma ya usukani. Yalikaa pale. Kisha Hettie alimwonyesha simu, picha na siku yake.

"Mungu wangu," alisema Penhallow polepole. "Nimelibandika mwenyewe."

"Kwa rangi ya waridi," alisema Fern.

"Na hawa ndio Nanga?" Hasira ilianza kumpanda. "Hawa watatu? Nitawafungia..."

"Kwa kosa gani, bwana?" aliuliza Hettie. "Wamelipa tiketi ya kutazama jukwaa. Wametazama. Ukitaka kumshtaki mtu kwa hilo, waandishi watataka kujua ni nani aliyeweka alama na nani aliyekaa safu ya tano akasema haoni." Alitazama saa ya ukumbini. "Wakati unafikiri, kuna mtu chini anaacha funguo."

Penhallow alishuka bila kuaga, Hettie nyuma yake.

Mlango wa chumba cha mavazi ulikuwa wazi. Mvishaji wa kuazima alikuwa amesimama nje na mkoba wake, hajui aingie ama asiingie, kwa kuwa Nuala alikuwa bado yuko magotini nyuma ya Imelda Rourke, anabana pindo lililochanika kwenye onyesho la mchana. Koti lake la mvua alikuwa ameshalivaa. Funguo zilikuwa mezani.

"Nuala," alisema Penhallow, akakohoa. "Naona kumetokea hali."

"Hali gani?" Nuala hakugeuka.

"Ya kutoelewana."

"Alastair," alisema Imelda kutoka juu, wigi kichwani, rangi usoni, "mimi mwenyewe nimesimama hapa na sijaelewa. Sema kama mtu."

Penhallow alimtazama Hettie, kama anayetafuta mlango. Hettie alikuwa ameegemea fremu, ameuziba.

"Hukulitoa jina," alisema Penhallow.

"Hilo nalijua tangu Jumapili."

"Nililitoa mimi. Utepe. Gus alinionya. Nilidhani kwa kuwa mimi sioni, hakuna anayeona." Aliirudisha tai kifuani. "Nisamehe. Ubaki, tafadhali."

Nuala alisimamisha mkono. Alivuta uzi mmoja, akaukata kwa meno. Nje, kengele ya kwanza ya kuwaita waigizaji ililia.

"Rudia. Huyu mwenzangu wigi limemziba masikio, na yule mvishaji wa kuazima hapo nje naye kasafirishwa bure."

Penhallow alirudia, safari hii kwa sauti iliyofika koridoni, na mabaharia wawili wa jukwaani waliokuwa wanapita walisimama kusikiliza.

Nuala alivua koti la mvua, akalitundika. Alichota pini kutoka kwenye kijaluba, fungu zima, akainuka hadi usawa wa uso wa meneja.

"Fungua mdomo."

"Nini?"

"Nina pindo la kumaliza na sina mkono wa tatu. Fungua."

Alimpangia pini katikati ya midomo, moja moja, kama anayepanga mishumaa.

"Usizimeze. Usiseme neno. Na hizo funguo, zirudishe kwenye msumari wake."

Meneja wa Halcyon alizitundika funguo, akarudi, akapiga magoti kando yake. Bendi ilianza kulinganisha vyombo. Nuala alichomoa pini ya kwanza mdomoni mwake, akaibana kwenye pindo, akanyoosha mkono kuchukua nyingine, na hakuwa na haraka hata kidogo.